BUNDI HASAHIHISHI MITIHANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila unapokaribia mwezi wa tano, vijana wetu wa Kidato cha Sita wanapojiandaa na mtihani wa taifa, masheikh huanza kupokea maswali ya aina moja. "Sheikh, bundi amelia juu ya paa letu usiku wa kuamkia mtihani, nifanye nini?" "Sheikh, niliswali istikhara kuhusu kozi ya chuo, asubuhi nikaona kipepeo mweupe dirishani. Ndiyo jibu?" "Sheikh, mwanangu amejikwaa mguu wa kushoto akitoka mlangoni. Nimrudishe ndani atoke upya?"

Hao angalau wameuliza. Wapo ambao hawakuuliza. Wameshakwenda kupigiwa bao, wameshaambiwa nyota ya mtoto imefifia, wameshalipa hela ya kuisafisha, na mtoto ameshapewa kalamu iliyovukizwa ubani.

Leo nitasema waziwazi, na atakayeudhika aniwie radhi. Jambo hili ni maradhi ya akida. Limeingia katika nyumba zinazoswali sala tano na linaharibu mambo mawili kwa mpigo: dini ya mtoto na mtihani wa mtoto.

MTIHANI WENYEWE NI NINI?

Tuanze na jambo tunalolijua. Baraza la Mitihani la Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mtihani wake wa Kidato cha Sita ndio mlango wa chuo kikuu kwa vijana wengi wa nchi hii. Mwanafunzi amesoma miaka miwili tahasusi yake, iwe PCB, PCM, HKL au EGM. Ili aombe shahada, kwa kawaida anatakiwa awe amepata alama ya kati ya A na E katika masomo mawili ya tahasusi, na pointi za masomo hayo zisipungue 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1.

Hesabu hiyo imeandikwa, kila mtu anaweza kuisoma. Msahihishaji anapewa karatasi yenye namba ya mtahiniwa. Hajui jina lako, hajui paa la nyumba yenu, hajui ndege gani alitua juu yake. Anachokiona ni ulichoandika tu. Sasa niambie, ndugu yangu, bundi anaingia sehemu gani katika kazi hii?

NENO LENYEWE LINATUSHITAKI

Waarabu wa zama za ujahili walikuwa mtu akitaka kusafiri humshtua ndege. Akiruka kulia, safari ipo. Akiruka kushoto, anarudi nyumbani. Kwa sababu hiyo jambo hili likaitwa twiyara, kutokana na twayr, yaani ndege. Tazama sasa Kiswahili chetu. Mtu akipatwa na jambo asilolipenda mwanzoni mwa shughuli yake, wazee wetu walisema nini? "Ndege mbaya." Likimwendea vizuri? "Ndege njema." Ujahili ule ule na ndege yule yule, tofauti ni bahari tu iliyo kati yetu.

Na Mtume (s.a.w.) hakuliacha jambo hili hivi hivi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim alikanusha twiyara, kisha akataja kwa jina itikadi ya haama. Wapo wanachuoni walioieleza haama kuwa ni bundi, ndege wa usiku ambaye Waarabu walidhani akitua juu ya nyumba analeta habari ya kifo. Fikiri hapo. Miaka zaidi ya 1,400 iliyopita bundi huyu alishazungumziwa, na hukumu yake ikatoka. Wewe mwaka huu bado unakata rufaa!

Na Ibn Mas'ud (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliihesabu twiyara kuwa ni shirki. Basi tusilifanyie mzaha. Hatuzungumzii mila nzuri ya bibi. Tunazungumzia mlango wa shirki.

YASIN TUNAISOMA, HATUISIKILIZI

Katika nyumba zetu nyingi, usiku wa kuamkia mtihani mtoto husomewa Yasin. Familia inakaa, bukhuri inafuka, sura inasomwa mpaka mwisho, watu wanaitikia amin. Asubuhi mtoto anatoka, paka mweusi anakatiza njia, mama anapiga ukelele: "Rudi kwanza!"

Ewe mama yangu, katika Yasin ile ile uliyoisoma jana, aya ya 18 na ya 19, kuna watu wa mji waliowaambia mitume wao kwamba wamewaletea mkosi, na mitume wakawajibu kuwa mkosi wao wanao wenyewe. Umeisoma aya, kisha asubuhi ukasimama upande wa wale waliolaumiwa ndani yake.

Nenda pia Sura al-A'raf aya ya 131. Watu wa Firauni wakipata neema husema hii ni haki yetu, wakipata balaa humsingizia Musa na waliokuwa pamoja naye. Nenda Sura an-Naml aya ya 47. Thamudi walimwambia Nabii Salih kuwa yeye na wafuasi wake ni nuksi. Sehemu zote tatu wanaozungumza lugha ya nuksi ni wapinzani wa mitume. Hakuna hata sehemu moja ambayo mtume alisema, "Leo siendi kulingania, nimejikwaa."

JUA HALIKUPATWA KWA AJILI YA IBRAHIM

Sasa sikilizeni hoja ambayo kwangu inamaliza mjadala.

Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), akiwa bado mchanga. Siku hiyo hiyo jua likapatwa.  Watu wakaunganisha: jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim.

Ingekuwa kuna siku ya kuiachia twiyara ipite, ni siku hiyo. Mtoto ni wa mbora wa viumbe, tukio liko mbinguni na kila mtu ameliona, tena watu wamesema kwa mapenzi, si kwa ubaya. Baba yuko katika msiba. Pamoja na hayo alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Allah, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na wakiona hivyo waswali na waombe. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim.

Angekuwa mtu wa uongo angelinyamazia jambo lile limpe utukufu. Hakulinyamazia. Ndugu yangu, jua halikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume, bundi atalia kwa ajili ya Kemia yako?

"LAKINI SHEIKH, QUR'AN SI IMESEMA KUNA ISHARA?"

Naijua hoja hii. Ndiyo, imesema, tena mara nyingi. Mwishoni mwa Aal Imran, aya ya 190, Allah anatueleza kuwa katika kuumbwa mbingu na ardhi na kupishana usiku na mchana zimo ishara kwa wenye akili. Lakini ishara za nini? Ni ishara za kumjua Yeye: uwezo wake, hekima yake, upweke wake. Hazikuwekwa ili zikuambie swali la tatu litatoka mada gani.

Mchukue huyo bundi mnayemkimbia. Yupo bundi wa majumbani, yule mwenye uso kama moyo, anayekaa katika mapaa na majengo ya zamani. Masikio yake hayakukaa usawa mmoja, moja liko juu kidogo kuliko jingine, na kwa tofauti hiyo anaijua panya alipo gizani bila kumwona. Manyoya yake ni laini mpaka anaruka bila sauti. Anakula panya wanaokula mahindi yako. Mwanafunzi wa Biolojia aliyetakiwa aseme "Subhanallah" na kuandika maelezo mazuri katika karatasi yake, anajifunika shuka na kusema "nimekwisha". Ishara ya Allah imepita juu ya paa, yeye ameisoma kinyume.

Na unajua kwa nini umemsikia usiku huo? Kwa sababu ulikuwa macho! Usiku mwingine wote ulilala saa tatu. Bundi yuko pale kila siku. Wewe ndiye mgeni wa usiku.

Wengine wanaangalia mvua. Ikinyesha asubuhi ya mtihani, baraka. Au nuksi, inategemea umeulizwa mtaa gani. Ndugu yangu, mtihani unafanyika mwezi wa tano. Pwani yetu huo ni wakati wa masika. Mvua itanyesha juu ya aliyesoma na asiyesoma.

Wengine wanaangalia kunguru. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja miaka ya 1890 wapunguze taka mjini. Leo wamejaa Unguja na Dar es Salaam, huwezi kutoka nje bila kumwona mmoja. Ndege aliyeletwa kula taka tumempandisha cheo awe afisa wa mitihani!

Na wanaoogopa kupatwa kwa jua na mwezi: tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, likaonekana kama pete kule Rujewa, Mbeya. Watu walisafiri kutoka mbali kwenda kuliona. Walijuaje siku na saa? Kwa hesabu, miaka mingi kabla. Sura ar-Rahman imetufundisha kuwa jua na mwezi vinakwenda kwa hesabu. Mwanafunzi wa PCM ndiye angetakiwa kuwaeleza wengine jambo hili, siyo kuwa wa kwanza kuogopa.

ISTIKHARA SI RAMLI YA MSIKITINI

Hapa ndipo wengi walio safi wanapoteleza. Kwa mganga haendi, hirizi havai. Lakini ameigeuza istikhara kuwa ramli. Anaswali rakaa mbili, kisha anakaa kusubiri: ndoto ya rangi ya kijani, kipepeo, upinde wa mvua, njiwa. Na siku hizi kuna video fupi zinazofundisha hivyo. Ukiona nyeupe endelea, ukiona nyeusi acha. Ewe unayerekodi video hizo, umeyapata wapi?

Hadithi ya Jabir (r.a.) kuhusu istikhara iko kwa Bukhari. Isomeni. Mtu anaswali rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha anamuomba Allah kwa ujuzi wake na uwezo wake: jambo likiwa kheri amkadirie na amfanyie wepesi, likiwa shari amuepushe nalo na amridhishe na kheri popote ilipo. Basi. Hakuna kipepeo humo. Hakuna ndoto humo. Ni dua, na baada ya dua unashauriana na wenye kujua, unaangalia alama zako, unaangalia kozi inataka nini, kisha unakwenda. Likifunguka, alhamdulillah. Likifungika, alhamdulillah.

Istikhara ni kumkabidhi Allah jambo usilolijua. Kuchungulia ishara ni kutaka kulijua mwenyewe kabla ya wakati wake. Hivi ni vitu viwili vinavyopingana, na wewe umevifunga kamba moja.

"Lakini Mtume alipenda fali njema." Ni kweli, na alipoulizwa akaeleza kuwa ni neno zuri. Mwalimu anakwambia "utafaulu inshaallah", moyo unachangamka, unaendelea na kazi uliyokuwa nayo. Hiyo ni kumdhania Allah vizuri. Haikukufanya uache kusoma, wala haikukuamulia jambo. Kinachokukataza kuingia chumba cha mtihani, au kinachokupa uhakika wa kufaulu bila kusoma, hiyo si fali. Hiyo ni twiyara.

MADHARA YAKE SI YA MANENO TU

Kuna mtu atasema, sheikh unakuza jambo dogo. Hapana. Tazameni mambo manne.

Kwanza, sala. Katika Sahih Muslim imepokewa kuwa anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Wewe unataka Allah akupe tawfiq, kisha wiki moja kabla ya mtihani unakwenda kuipoteza thawabu ya sala ya siku 40. Mtihani wenyewe haufiki siku 40! Umeingia vitani ukiwa umeitupa silaha nje ya mlango.

Pili, dhulma. Bundi akitua juu ya paa, nyumba nyingi hazisemi "bundi amekuja". Zinasema "nani kamtuma?" Kisha macho yanakwenda kwa bibi jirani, mjane anayeishi peke yake. Mtoto akifeli, bibi yule anatengwa. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, jambo hili halikujificha. Damu ya mtu asiye na hatia inaanza na neno dogo kama hili: "Yule mama, ukikutana naye asubuhi, siku yako imeharibika." Je, hiyo si lugha ya watu wa Firauni?

Tatu, mwanafunzi hajirekebishi. Aliyefeli kwa sababu hakufanya mazoezi ya hesabu, akijua hivyo, mwakani anaweza kurudi kama mtahiniwa wa kujitegemea akafaulu. Aliyeaminishwa kuwa alifelishwa na bundi, mwakani atarudi na hirizi, na hesabu zile zile zitamsubiri.

Nne, shukrani inaibiwa. Baada ya mvua ya usiku pale Hudaybiyya, Mtume (s.a.w.) aliwafundisha masahaba kuwa waja wamegawanyika: anayesema tumenyeshewa kwa fadhila za Allah amemuamini Yeye, na anayesema tumenyeshewa kwa nyota fulani ameiamini nyota. Sasa kijana amefaulu kwa neema ya Allah, kwa jasho lake, kwa ada ya baba aliyeuza ng'ombe, kisha anasema "ilikuwa ile kalamu". Amemkosea Mola wake, na amemkosea baba yake.

NA NYIE MNAOUZA

Siwezi kumaliza bila kuwataja. Wewe unayewauzia watoto wa masikini kalamu za kusomewa, maji ya kufaulu, kombe la kukumbuka: kama unayo siri ya mtihani, mbona wanao unawalipia tuisheni? Unaweka kanzu, unashika tasbihi, unataja aya mbili, kisha unapiga bao. Mama muuza vitumbua amekuletea hela ya wiki nzima. Hela ile ingenunua taa ya kusomea, au vitabu vya mitihani iliyopita. Utamjibu nini Allah?

KIJANA WANGU, BINTI YANGU: FANYA HAYA

1. Hofu ikikujia, usidhani umekufuru. Mu'awiya bin al-Hakam (r.a.) alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa wapo watu wao wanaoona mikosi. Akamfahamisha kuwa ni kitu wanachokihisi vifuani mwao, basi kisiwazuie. Hii ndiyo dawa. Kuhisi si kosa lako. Kurudi nyuma ndilo kosa. Umemsikia bundi, moyo umeshtuka? Sema "Tawakkaltu 'ala Allah", geukia upande wa pili, lala.

2. Lala kweli. Akili iliyokesha haikumbuki.

3. Soma mitihani ya miaka iliyopita, na uliloshindwa muulize mwalimu leo.

4. Soma dua ya Nabii Musa katika Sura Twaha, aya ya 25 mpaka ya 28, aliyomuomba Mola wake amkunjulie kifua na amrahisishie jambo lake. Ielewe maana yake, usiisome kama kasuku.

5. Panga sala zako. Ukiwa na karatasi ya saa nane mchana, swali Adhuhuri mapema uingie moyo umetulia, na ukitoka tu wahi Alasiri.

6. Usiibe mtihani. Haifai kuogopa kunguru kisha usimuogope Allah.

Na wewe mzazi mwenzangu, maneno yako ya asubuhi ile ni mazito. Mtoto akijikwaa, sema "Bismillah, twende baba." Usimwekee mkosi kichwani dakika kumi kabla ya kufungua karatasi. Mtoto aliyetetemeshwa na mama yake mlangoni atatetemeka mpaka swali la mwisho, na hapo nuksi itakuwa imetoka kinywani mwako, siyo kwa paka.

Ukitaka kujifunza kwa ndege, Mtume (s.a.w.) ametupa somo lake, amelipokea Umar (r.a.), liko kwa Tirmidhi: tungemtegemea Allah kama inavyostahiki angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, wanaotoka asubuhi matumbo matupu na kurudi jioni wameshiba. Wanatoka! Hawakai kwenye kiota wakisubiri kuona binadamu gani anapita chini, mwenye bahati au mwenye mkosi. Ndege anamtegemea Mola wake na anaruka. Jifunze kwake hilo, mengine mwachie.

Ewe Allah, wafungulie vijana wetu vifua vyao, wakumbushe waliyosoma, wasamehe walichokosea. Atakayefaulu mfanye mwenye shukrani, atakayekosa mpe subira na njia nyingine iliyo bora. Zisafishe nyumba zetu na shirki, ya wazi na iliyojificha. Amin.

Mfikishie maneno haya mtahiniwa unayemjua, na mama yake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.